Kadi ya Sauti

Siku ya uchaguzi mke wangu alikuwa na siku tisa tangu afariki, na alikuwa bado hajazikwa.

Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa kwetu wakisikia hivyo wanafikiri tulikuwa na kesi, au tulimtupa marehemu. Hapana. Hapa Stockholm maiti anangoja zamu kama mtu aliyeshika namba kwenye duka la dawa. Wiki tatu, wiki nne. Anawekwa kwenye baridi, mahali safi kabisa, na wewe unarudi nyumbani Farsta unapika wali. Kwetu Uvira mtu akifa asubuhi, kesho yuko ardhini, na usiku ule mmoja wa katikati watu wanakesha naye asibaki peke yake. Nilimwuliza yule bwana wa mazishi, kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, nani anakesha naye huko. Akanitazama kwa huruma, akasema kuna kengele ya kuzuia wezi.

Kwa hiyo siku zile tisa mke wangu hakuwa kwetu wala hakuwa kwa waliokwenda. Na barua zake ziliendelea kuja.

Mlango wa nyumba yetu una tundu la barua lenye kifuniko cha chuma. Mtu akifungua mlango mkubwa wa chini, upepo unapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na kifuniko kinapiga: kh, kh. Kama mtu anayesafisha koo. Miaka kumi na nane nimekaa nyumba ile sikuwahi kukisikia. Sasa nilikisikia nikiwa jikoni, nikiwa bafuni, nikiwa nimejifunika blanketi kichwani. Na mke wangu aliondoka kwa ugonjwa wa koo.

Kila kikikohoa, karatasi inaanguka sakafuni. Karatasi za vyama, zenye picha za watu wanaocheka, na jina lake limeandikwa vizuri. Zilikuwa zinamwomba sauti yake.

Hapa lazima nisimame nieleze neno. Kwa Kiswidi, sauti inayotoka kooni inaitwa röst. Na kura nayo inaitwa röst. Neno ni hilo moja. Sisi Wakongo hatukushangaa, maana Kifaransa nacho kiko hivyo, voix na voix, na kwetu mtu akishinda tunasema amepata sauti mingi. Basi nyumbani kwetu neno kura lilikufa, tukabaki na sauti. Kuna Mtanzania mmoja wa kanisani alikuwa hatuachi: "Ninyi Wakongo, watu wanapiga kura, ninyi mnapiga sauti! Ndiyo maana hamlali." Ile kadi ya posta inayokuja kabla ya uchaguzi, yenye jina lako na mahali pa kwenda, tuliiita kadi ya sauti.

Kadi yangu na yake ziliingia siku moja, mwisho wa mwezi wa nane. Yeye tayari alikuwa hospitali. Nikazitia ndani ya Biblia, nikaenda kumwambia: usijali, ukitoka tutakwenda pamoja, kama siku zote.

Alinitazama tu.

Kama siku zote, nilisema. Sasa nilieleze hilo, ingawa halinipendezi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, halafu vita vikanitoa. Hapana, naongopa, si vita, ni mbuzi. Baba alinitoa nichunge mbuzi, vita vilikuja baadaye vikawala wale mbuzi. Kura yangu ya kwanza niliipiga nikiwa kijana, wakati nchi ilikuwa na rais mmoja na chama kimoja, na hata mtoto wa tumboni ni mwanachama. Mezani kulikuwa na kadi za aina mbili. Ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Karibu na zile nyekundu alisimama askari. Hakusema neno, hakumshika mtu. Alikuwa anakula karanga. Nilichukua kijani. Baba alichukua kijani. Sikumwona mtu hata mmoja akinyoosha mkono upande wa karanga.

Nilipopata uraia huku, mimi na mke wangu tulipiga kura mara mbili. Nje ya mlango wanasimama watu wa vyama na karatasi za kutia sandukuni, kila chama na yake, wanakugawia. Nilichukua za chama nilichokipenda mimi, mbilimbili. Zangu nikatia mfuko wa kulia. Zake nikamwekea mkononi, nikamfumba vidole. "Hizi hizi, mama watoto, usichanganye." Akaingia nazo, akatoka bila kitu. Mara ya kwanza hivyo, na mara ya pili hivyo. Sikuona ubaya. Nilikuwa namsaidia. Hata karanga sikuwa nazo.

Aliyekuja kuniharibia usingizi ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kiswidi, nywele nyeupe amezikata fupi kama za mvulana. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa anakaa na sisi wazee wageni maktaba ya Farsta kila Jumatano mchana. Wenyewe wanaita duara la masomo, na kweli tulikaa duara, na chupa ya kahawa katikati, na mandazi yao ya mdalasini. Alitaka tuielewe nchi ilikotoka. Siku moja akaandika ubaoni upplysningen.

"Hilo nalijua," nikasema. "Liko hospitali, pale unapoulizia njia."

"Ndilo lenyewe," akasema. "Maana yake kuweka mwanga."

Nikafikiri ni mambo ya kanisa, nikasema amina. Akacheka. Akasema hapana mzee, huu ni mwanga mwingine. Akatueleza kwamba zamani wafalme wa Ulaya walisema kiti wamepewa na Mungu, na makasisi wakasema ni kweli, na watu wakabebwa kama watoto mgongoni miaka na miaka. Halafu wakatokea watu wa kusoma na kubishana, wakasema: akili kila mtu anayo, na mtu mzima ni yule anayethubutu kuitumia bila kushikwa mkono. Sheria itoke kwa wanaotawaliwa. Ndani ya kichwa cha mtu serikali haina mlango. Akasema mawazo hayo yalitembea polepole sana, mpaka yakageuka vitu unavyoweza kuvishika: sanduku, bahasha, na pazia la kujificha nyuma yake.

Mimi nikauliza, mwanga huo ulipowaka huku, mbona kwetu mlikuja na minyororo? "Walijua," akasema. "Wengine waliandika juu ya uhuru, huku wana sehemu yao kwenye meli za watumwa." Nilimpenda kwa sababu hakuzunguka.

Ndipo mke wangu akainua mkono. Hakuwa mtu wa kuinua mkono.

"Hao waliosema watu wote ni sawa," akasema, "wakiwa wanaandika, nani alikuwa anapika?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Wake zao."

"Na hao wake nao walikuwa na akili?"

"Walikuwa nayo. Sauti ndiyo hawakupewa, muda mrefu."

"Mm," akasema mke wangu.

Mm yake haikuwa kitu kidogo. Tulitembea mpaka nyumbani kwenye barafu na hakusema lingine, na mimi nikaongea njia nzima, nikimweleza mwalimu alikuwa na maana gani.

Mwezi wa nane koo likamfunga. Sitaeleza ugonjwa. Sauti iliondoka kwanza, yeye akabaki nyuma yake. Mpaka leo nikipanda treni kuna mwanamke anayetaja vituo kutoka juu ya dari, na mtu mwenyewe hayupo, na huwa namwaza: huyu koo lake liko wapi? Wakati ule nilikuwa nakwenda na kurudi hospitali kila siku, na kwenye kila kituo yule asiye na mwili anaongea, halafu nafika kwa mwenye mwili ambaye hawezi.

Alasiri moja nilimkuta muuguzi mlangoni. Akaniambia ningoje kwenye korido. Ndani, mbele ya kitanda, walikuwa wamesimamisha ubao wa karatasi ngumu uliokunjwa pande tatu, nikafikiri wanamwogesha. Baadaye wakatoka watu wawili wakisukuma kitoroli chenye makaratasi ya njano, meupe na ya bluu, nikafikiri ni watu wa maktaba wanaogawia wagonjwa vitu vya kusoma. Nikaingia. Mke wangu alikuwa ameketishwa, nywele zimechanwa. Uso wake sikuuelewa. Alinivuta kwa kidole, nikainama, akapumulia sikioni mwangu:

"Sauti nimeshaitoa."

Nikalia. Nikamshika mkono nikamwambia najua, mama watoto, najua, Mungu atakurudishia. Akatikisa kichwa. Akasema tena, kwa midomo tu, sauti nimeshaitoa. Nami nikamnyamazisha: usijichoshe. Akafumba macho na mdomo ukawa kama unataka kucheka. Siku mbili baadaye akaondoka.

Sasa niko nyumbani, siku ya tisa inakaribia, na kadi mbili ziko ndani ya Biblia. Nieleze vizuri kilichokuwa kinanikaba. Ndugu zake na watu wa kanisani walikuja Jumamosi na Jumapili, maana siku za kazi hapa huwezi kukaa matanga, na walipoondoka nikabaki na lile neno la mwalimu juu ya wake wasiopewa sauti. Mke wangu alipewa sauti mbili katika maisha yake, na zote mbili nilizitoa mimi kwa mkono wake. Ya tatu ilikuwa pale, jina lake juu yake, na yeye hajazikwa. Nikajiambia: hii lazima iingie sandukuni, na iwe ya kwake kweli.

Usiku wa kuamkia uchaguzi nilipanga zile karatasi za vyama sakafuni, mstari mmoja, kutoka mlangoni mpaka kabatini. Nikamwuliza. Mzee mzima, nimepiga magoti kwenye korido. Angekuwa hai angesema, wewe mzee umeanza kuchanganyikiwa, inuka utaumia goti. Nikashika ya kwanza: "Hii?" Kimya. "Hii?" Kimya. Nikaenda mpaka ya mwisho. Na hapo ndipo baridi iliponiingia mgongoni, si kwa sababu ya kusikia kitu. Ni kwa sababu niligundua sijui. Miaka arobaini na moja tumelala kitanda kimoja, najua anavyopenda chumvi, najua anaogopa lifti, na sijui hata kwa kukisia mwanamke yule angechukua karatasi ipi.

Niliposimama kuzikusanya, kifuniko kikapiga. Mara moja tu. Kh.

Nilisikiliza mlango wa chini. Sikusikia mtu kuingia wala kutoka.

Asubuhi binti yetu alikuja kunichukua. Yeye namwongelesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, ndivyo tunavyoishi. Njiani kila nguzo ilikuwa na uso unaotutazama na kucheka. Mahali penyewe ni ukumbi wa michezo wa shule, wenye kamba zinazoning'inia na mistari ya rangi sakafuni, na watu kwenye foleni bila neno, kila mtu na mita yake, kama matanga ambayo hakuna anayemjua marehemu. Nilifika mezani kwa mama mmoja aliyevaa kizibao cha kazi. Nikaweka kadi zote mbili.

"Hii yangu. Hii ya mke wangu."

"Anakuja?"

"Hapana. Yuko kwenye baridi."

Akatabasamu. "Mwambie aingie tu ndani, kuna nafasi."

"Amekufa," nikasema. "Hajazikwa. Nimemletea sauti yake."

Binti yangu akaniita papa, kisha akaongea Kiswidi haraka haraka, masikio yakimwiva kwa aibu, akiomba radhi kwa niaba yangu. Yule mama hakumsikiliza. Alinitazama mimi.

"Pole sana, bwana. Lakini hakuna mtu anayetoa sauti ya mtu mwingine. Hata mume. Hata kwa aliyekufa."

"Nilishaitoa mara mbili," nikasema. "Hamkunizuia."

Hakunielewa, au alinielewa. Alinirudishia kadi ya mke wangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokeza mtoto. Nikapiga yangu. Nyuma ya pazia nilisimama muda mrefu, na mara mbili niligeuka kuangalia nani amesimama nyuma yangu. Nilipokuwa natoka yule mama akaniambia: saa mbili tunafunga, halafu tunafungua tena na kuanza kuhesabu. Mtu yeyote anaruhusiwa kukaa na kuangalia. Ndiyo sheria.

Kwa nini nilirudi, sijui. Nyumbani kulikuwa na kile kifuniko. Binti alikuwa amekwenda kwake Spånga. Saa mbili nikaketi kwenye benchi la ukutani, peke yangu, na kadi mfukoni. Nje kulikuwa bado kuna mwanga mwembamba.

Kabla ya kufungua masanduku, walileta bahasha za wale waliopiga mapema. Bahasha hizo zina dirisha, karatasi laini inayopitisha macho, na kupitia dirisha jina la mwenyewe linachungulia. Mmoja anasoma jina, mwingine analitafuta kwenye daftari, anatia alama, kisha bahasha ndogo ya ndani inatolewa na kutumbukizwa sandukuni. Jina, alama, sanduku. Jina, alama, sanduku. Nilikuwa nimeanza kusinzia.

Ndipo wakaliita jina la mke wangu.

Walilisoma Kiswidi, wakalivuta pasipotakiwa kuvutwa, likatoka refu. Nilitazama mlangoni, mbele ya Mungu nasema kweli, nilitazama mlangoni kuona kama anaingia. Nikapapasa mfuko. Kadi yake ilikuwa pale pale, na jina lake lilikuwa kule, kwenye dirisha, mkononi mwa mtu.

Yule mama wa asubuhi alisimama. "Huyu amefariki," akasema. "Mume wake ni yule pale."

Wote wakageuka kuniangalia. Mkubwa wao, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, aliigeuza bahasha. "Imetoka hospitali. Wanawachapia kadi nyingine palepale kitandani." Akamgeukia mwenye daftari. "Yumo kwenye daftari?"

"Yumo."

"Alipoitoa alikuwa hai. Ni yake."

Akaitumbukiza. Karatasi ilikwaruza mdomo wa sanduku: kh.

Sauti nimeshaitoa. Nilikaa pale na nikausikia upya ule mnong'ono wa sikioni, na ule ubao uliokunjwa pande tatu nikauona, na kitoroli, na rangi tatu za karatasi. Hakuwa analilalamikia koo lake. Alikuwa ananipa habari. Alinipa mara mbili, na mara mbili nikamwambia anyamaze.

Walipomaliza walimwaga sanduku mezani, wakafungua bahasha. Karatasi za njano, zile za kuchagua bunge, zikatoka zote pamoja, zake na za watu wa mtaa mzima, wakaanza kuzitenga mafungu. Nilikuwa karibu, hatua nne tano. Fungu hili linapanda, lile linapanda, na kati yao iko moja aliyoishika kwa vidole vilivyokonda, bila mtu wa kumfumba. Nilitaka kusimama. Nilitaka kumwambia yule mama, nionyeshe, mimi ni mume wake, hata kwa mbali. Miguu ilishaanza kuninyanyua. Nikaikumbuka ile karanga, jinsi askari alivyokuwa anaimenya taratibu, anapuliza maganda, hasemi kitu.

Nikakaa. Nikayageuza macho ukutani, kwenye zile kamba, mpaka walipofunga mafungu yote.

Kesho yake binti alipiga simu. Nikamweleza yote. Akalia, halafu akaniuliza, na safari hii kwa Kiswahili, sijui kwa nini:

"Papa, mama alichagua nani?"

Watu wamekuwa wakiniuliza mke wangu anataka nini tangu mwaka niliomwoa. Anataka chai? Anapendelea wapi? Anasemaje? Na siku zote nimejibu, papo hapo, bila kugeuka kumwangalia.

"Sijui," nikamwambia.